John Wallis na Namba Zilizo Nyuma ya Sufuri

 Kurasa hizi za Kiswahili aghalabu hutuletea habari za wafalme, wasafiri na viongozi wa dini. Leo nawaletea maisha ya mtu wa hesabu. Jina lake ni John Wallis, Mwingereza, aliyefariki mwaka wa 1703.

Namchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ule mstari ambao mwalimu huuchora ubaoni, wenye sufuri katikati, namba chanya mkono wa kulia na namba hasi mkono wa kushoto, Wallis ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mtu wa kwanza kuueleza katika kitabu. Pili, mtu huyu alichelewa sana kuanza hesabu. Habari hiyo yatufaa wengi hapa Mbarara, hasa wale waliotoka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako watoto wengi hufika wakiwa wamekwisha kupoteza miaka ya shule njiani.

John Wallis alizaliwa tarehe 23 Novemba 1616 katika mji wa Ashford, jimbo la Kent, upande wa kusini-mashariki wa Uingereza. Baba yake, ambaye naye aliitwa John, alikuwa mchungaji wa kanisa la mji huo na mtu wa kuheshimiwa. Lakini alifariki mwaka wa 1622, mtoto akiwa na miaka sita tu, na mama yake, Joanna, akaachiwa kazi ya kulea. Mwaka wa 1625 tauni ikaingia Ashford. Mama akaona heri amwondoe mwanawe mjini, akampeleka shule katika mji wa Tenterden. Basi mtoto huyu hakuwa ametimiza miaka tisa, naye alikuwa amekwisha kufiwa na baba na kuukimbia mji wake. Wapo kati yetu wasiohitaji kuelezwa jambo hilo lilivyo.

Mwaka wa 1631 akahamia shule ya Felsted, jimbo la Essex. Huko akasoma Kilatini, Kiyunani na Kiebrania, akawa hodari wa lugha. Hesabu hakufundishwa. Siku zile Waingereza wengi hawakuihesabu kuwa elimu ya mtu msomi. Waliona ni kazi ya wafanya biashara, mabaharia, maseremala na wapima ardhi.

Ikawa likizo ya Krismasi ya mwaka huo, John akiwa na miaka 15, alirudi nyumbani akamkuta ndugu yake mdogo ana kitabu cha hesabu. Ndugu huyo alikuwa akijitayarisha kuingia katika biashara, na kwa hiyo ilimpasa kujua kujumlisha, kutoa na kuandika daftari. John akataka kujua ni mambo gani hayo, akamwomba amwonyeshe. Kwa muda wa kama majuma mawili mdogo akawa mwalimu na mkubwa akawa mwanafunzi, na likizo ilipokwisha John alikuwa amekipitia kitabu chote. Hayo ndiyo yalikuwa masomo yake ya kwanza ya hesabu, na kwa miaka mingi hakupata mengine ya darasani. Alijisomea mwenyewe kwa kujifurahisha, vitabu vilipomwangukia mkononi.

Mwaka wa 1632 akaingia Emmanuel College katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alisoma dini, falsafa na hata mambo ya tiba. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kutetea mbele ya watu habari mpya za daktari William Harvey, kwamba damu huzunguka mwilini. Akapata digrii yake ya kwanza mwaka wa 1637 na ya pili mwaka wa 1640, na mwaka huo huo wa 1640 akawekwa kuwa kasisi.

Mwaka wa 1642 vita vikazuka Uingereza kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge. Jioni moja, Wallis akiwa mezani pamoja na watu wa upande wa Bunge, ikaletwa barua iliyotekwa kwa adui. Ilikuwa imeandikwa kwa mafumbo, asiweze mtu kuisoma ila yule anayejua siri yake. Akaulizwa, nusu kwa mzaha, kama angeweza kuifumbua. Akaichukua, na kwa muda wa saa chache akaipata. Tangu usiku ule akawa mfumbuzi wa barua za siri, na kazi hiyo aliifanya hata katika uzee wake, chini ya Mfalme William wa Tatu.

Mwaka wa 1645 akaoa mke jina lake Susanna Glyde. Mwaka huo huo alianza kukutana mjini London na watu waliopenda kuchunguza mambo ya dunia kwa kupima na kujaribu. Mikutano ya namna hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa, mwaka wa 1660, kile chama mashuhuri cha wataalamu kiitwacho Royal Society. Kisha, alipokuwa na umri wa miaka kama 31, akakisoma kitabu cha aljebra cha William Oughtred. Akakimaliza katika majuma machache, akaanza kubuni mambo yake mwenyewe.

Mwaka wa 1649 akafanywa mwalimu mkuu wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford. Watu walishangaa, maana Wallis alikuwa hajatoa kitabu cha hesabu chenye sifa. Wengine walidhani kiti hicho alipewa kuwa malipo ya utumishi wake kwa Bunge. Huenda walikuwa na haki ya kudhani hivyo. Lakini alikikalia kiti hicho kwa miaka 54, mpaka siku ya kufa kwake, wala hakuna aliyeweza kusema kwamba alikikalia bure. Mwaka wa 1655 alitoa kitabu ambamo alama ya kitu kisicho na mwisho, ile iliyo kama namba nane iliyolazwa, ilionekana kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1656 akatoa kingine, kiitwacho Arithmetica Infinitorum, ambacho kijana Isaac Newton alikisoma na kukitumia kama ngazi ya kupandia katika uvumbuzi wake.

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Katika kitabu hicho hicho kilichompa sifa kuu, Wallis alisema neno moja la ajabu kuhusu mpango wa namba, yaani ipi kubwa na ipi ndogo. Fikira yake ilikwenda hivi. Gawanya 1 kwa 3, wapata theluthi. Gawanya 1 kwa 2, wapata nusu, nayo ni kubwa kuliko theluthi. Gawanya 1 kwa 1, wapata 1, kubwa zaidi. Namba ya chini ikizidi kupungua, jibu lazidi kukua. Basi namba ya chini ikiwa sufuri, jibu, alisema yeye, halina mwisho. Na ikipungua tena ikawa chini ya sufuri, yaani hasi, je, jibu halitakuwa kubwa kuliko hata kile kisicho na mwisho? Wallis akakubali kwamba ndivyo.

Ninyi mnaojua kugawanya namba hasi mtaona shida mara moja. Ukigawanya 1 kwa −1 wapata −1. Kwa fikira ile, −1 ingekuwa kubwa kuliko mia, kuliko elfu, kuliko milioni! Kosa liko wapi? Liko katika kuivuka sufuri kana kwamba ni daraja. Kugawanya kwa sufuri hakuna jibu kabisa. Pale njia imekatika, na yaliyo kweli upande huu wa shimo hayawezi kuendelea upande wa pili kama kwamba shimo halipo.

Tusimcheke. Katika siku zake wataalamu wengi wa Ulaya walizionea mashaka namba hasi. Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha mwaka wa 1637, aliyaita majibu yaliyo hasi kuwa ya uongo. Mfaransa mwingine, Antoine Arnauld, mwaka wa 1667 aliuliza swali gumu. Alisema kwamba −1 kwa 1 ni sawasawa na 1 kwa −1, maana ukigawanya kwa njia zote mbili wapata −1. Lakini ikiwa −1 ni ndogo kuliko 1, yawezekanaje kidogo kwa kikubwa kuwa sawa na kikubwa kwa kidogo?

Bara Hindi mambo yalikuwa yamekwisha kuelezwa vizuri zamani. Mwaka wa 628 mtaalamu Brahmagupta aliandika sheria za kujumlisha na kuzidisha namba hizi, akizifananisha chanya na mali, na hasi na madeni. Mfano huo kila mwenye duka auelewa. Mtu anayedaiwa shilingi 2,000 na mtu anayedaiwa shilingi 5,000 wote hawana kitu, lakini wa kwanza ana heri kuliko wa pili. Kwa hiyo −2,000 ni kubwa kuliko −5,000, ingawa 5,000 ni kubwa kuliko 2,000.

Mwaka wa 1685, Wallis akiwa mzee wa miaka 68, alitoa kitabu kikubwa cha aljebra kwa lugha ya Kiingereza. Humo akazirudia namba hasi, na safari hii hakuanza na kugawanya, alianza na mtu anayetembea. Mtu huyo aondoka mahali fulani, aenda mbele yadi 5, kisha arudi nyuma yadi 2. Ameendelea yadi ngapi? Yadi 3. Lakini je, akienda mbele yadi 5, kisha akarudi nyuma yadi 8? Wallis akajibu kwamba ameendelea −3, yaani yuko yadi 3 nyuma ya pale alipoanzia. Akachora mstari akatia alama mahali pote. Pia akatoa mfano wa bahari: watu wakipata ekari 30 za nchi kavu mahali bahari ilipojitenga, wakapoteza ekari 20 mahali pengine, faida yao ni ekari 10, na bahari ikila ekari 20 nyingine, faida yao ni −10.

Mfano huu ni mwepesi hata mtoto aweza kuufuata, lakini umefanya kazi kubwa. Namba si fungu la vitu tu, hata tukaulizana fungu la vitu 3 vilivyo pungufu ya sufuri lafananaje. Namba ni mahali katika njia. Na mahali katika njia pana maswali mawili tofauti, ambayo wanafunzi wengi huyachanganya. Swali la kwanza: ni umbali gani kutoka sufuri? Swali la pili: ni nani aliye mbele? Aliyerudi nyuma yadi 5 yuko mbali na sufuri kuliko aliyerudi yadi 2. Hilo ni jibu la swali la kwanza. Lakini aliyerudi yadi 2 ndiye aliye mbele. Hilo ni jibu la swali la pili. Tuulizwapo ipi ni kubwa, −2 au −5, tunaulizwa swali la pili.

Hata swali la Arnauld hulainika hapa. Ukizidisha au kugawanya kwa namba hasi, wageuza njia nzima: aliyekuwa mbele huwa nyuma. 2 iko nyuma ya 5. Zigeuze zote mbili, na −2 iko mbele ya −5. Hivyo hakuna ajabu kidogo kwa kikubwa kulingana na kikubwa kwa kidogo, maana katikati pametokea kugeuka.

Tuujaribu mstari wa Wallis katika nchi yetu wenyewe. Chukueni ramani ya Uganda. Ikweta iwe sufuri. Kaskazini tuite chanya, na kusini tuite hasi, tupime kwa dakika za latitudo, ambazo 60 ni digrii moja. Kila dakika ni kama kilometa 1.85. Kampala iko yapata dakika 19 kaskazini, basi ni +19. Masaka iko yapata dakika 20 kusini, basi ni −20. Mbarara yetu ni −37, na ziwa Nakivale ni −47. Tuzipange toka ndogo mpaka kubwa: −47, −37, −20, 0, +19. Mtu atokaye Nakivale kwenda Kampala kwa barabara kuu huzipita kwa mpango huo huo. Kwanza Mbarara, kisha Masaka, kisha Kayabwe, ambapo Ikweta yaikata barabara, na mwisho Kampala.

Angalieni Masaka na Kampala. Umbali wao kutoka Ikweta karibu ni sawa, na wa Masaka wazidi kidogo. Lakini −20 iko nyuma ya +19 kwa dakika 39. Anayetazama tarakimu tu, asitazame alama, atasema 20 imezidi 19 na atakuwa amepotea njia. Tena angalieni jambo jingine. Nakivale imekuwa ya mwisho katika mpango wetu, lakini hiyo si kusema kwamba ni mahali duni. Imekuwa hivyo kwa sababu sisi tulichagua kaskazini kuwa mbele. Tungalichagua kusini, Nakivale ingekuwa +47 na ingeongoza miji yote minne. Hasi si aibu, ni upande.

Tumalize habari za mtu mwenyewe. Wallis alikuwa na akili ya ajabu ya kukumbuka. Usingizi ulipompotea usiku alikuwa akilala gizani na kupiga hesabu kichwani. Usiku mmoja wa mwaka wa 1669 alitafuta kipeuo cha pili cha 3, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta 3, akaifikisha kama tarakimu 20 bila kalamu wala karatasi. Pia aliandika sarufi ya Kiingereza, iliyotoka mwaka wa 1653, na alitumia elimu yake ya sauti za maneno kumfundisha kiziwi, Daniel Whaley, kutamka. Mwaka wa 1662 kijana huyo alionyeshwa mbele ya Royal Society.

Hakuwa malaika. Alikuwa mgomvi wa maneno, apendaye kushinda. Mwanafalsafa Thomas Hobbes aliposema mwaka wa 1655 kwamba amepata njia ya kuufanya mviringo kuwa mraba ulio sawa nao kwa eneo, Wallis alionyesha makosa yake, na haki ilikuwa upande wake. Lakini ugomvi wao uliendelea kwa vitabu na matusi mpaka Hobbes alipofariki mwaka wa 1679. Tena aligombana na William Holder juu ya nani astahiliye sifa ya kumfundisha kiziwi mwingine, Alexander Popham. Wako waliosema kwamba aliwapendelea mno Waingereza wenzake alipoandika historia ya aljebra.

John Wallis alifariki Oxford tarehe 28 Oktoba 1703, akiwa na miaka 86, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Maria mjini humo. Mstari wake haukukubaliwa na wote mara moja. Hata mwaka wa 1758 Mwingereza Francis Maseres alitoa kitabu chenye kutaka namba hasi ziondolewe kabisa katika aljebra. Leo mtoto wa shule aujua mstari ule kabla hajaota ndevu, wala haoni ajabu.

Basi, wenzangu, katika maisha haya nayaona mambo ya kushika. Wallis alikuwa na miaka 15 aliponyanyua kitabu cha hesabu kwa mara ya kwanza, na hakuona haya kufundishwa na mdogo wake. Alikuwa na miaka 31 au karibu aliposoma aljebra kwa bidii, na 68 alipotoa mfano wa mtu anayetembea, miaka karibu 30 baada ya kuzipanga vibaya namba zile zile. Kuna wanafunzi waliofika Nakivale wakitoka Kongo au Burundi wakiwa na umri wa kumaliza shule ya msingi, nao wakawekwa pamoja na watoto wadogo ili waanze upya. Wengine huona haya, wakaacha. Ninyi mliotutangulia, mnaporudi kututembelea, waambieni hao habari za Wallis. Na ninyi mlioko darasani, jirani akikuuliza ipi ni kubwa, −3 au −7, usimcheke wala usimpe jibu tupu. Mchoree njia, utie sufuri katikati, kisha mwulize ni nani aliye mbele.